MJI ULIOPIMWA MOYO: FUNZO KUTOKA FRAMINGHAM

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Lau wahenga hao wangalikuwa madaktari, nadhani wangaliongeza kuwa kikulacho kingine ki ndani ya mishipa yako, wala hukisikii kikitafuna. Nazungumzia ugonjwa wa moyo pamoja na ndugu zake wawili: shinikizo la damu, ambalo mtaani sote tunaliita presha, na kiharusi.

Mwaka jana tukiwa Kidato cha Pili tulisoma katika Biolojia jinsi damu inavyozunguka mwilini. Tulichora moyo wenye vyumba vinne, tukapaka rangi nyekundu upande mmoja na samawati upande wa pili, tukakariri majina ya mishipa mpaka yakatutoka puani. Kitabu kilituambia pia kwamba sigara, chumvi nyingi na mafuta mengi ni adui wa moyo. Sawa. Lakini je, ulishawahi kujiuliza watu walijuaje? Nani aliyekaa akahesabu? Maana mtu huvuta sigara leo na moyo ukamsumbua baada ya miaka thelathini. Ni nani mwenye subira ya kungoja miaka yote hiyo ili aone mwisho wake?

Jibu ni kwamba wapo waliongoja, na hata leo wangali wanangoja. Katika somo hili nitaeleza habari za mji mmoja wa Marekani uitwao Framingham, kisha tutaona yanatuhusu nini sisi wa hapa Nairobi.

KABLA YA FRAMINGHAM

Kwanza tuelewe presha ni nini. Daktari anapoandika 120/80, nambari ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa moyo unapokaza na kusukuma. Nambari ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapolegea. Mtu mzima akiwa karibu na 120/80 yuko salama. Akipimwa mara kadhaa na kuonekana ana 140/90 au zaidi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa ana presha.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Madaktari wengi waliamini kwamba ni kawaida presha kupanda kadiri mtu anavyozeeka, ati mishipa ikiwa migumu lazima damu isukumwe kwa nguvu zaidi. Isitoshe, dawa zenyewe zilikuwa haba.

Mfano mzuri ni Rais Franklin Roosevelt, aliyeongoza Marekani tangu 1933. Mwezi wa Machi 1944, vita vikuu vya pili vikiwa vimepamba moto, daktari wa moyo alimpima akakuta 186/108. Rais aliendelea na kazi, akaendelea na safari. Tarehe 12 Aprili 1945 alishikwa na maumivu makali ya kichwa, akazirai. Presha yake siku hiyo ilifika 300/190. Mshipa ulikuwa umepasuka kwenye ubongo. Akafa akiwa na umri wa miaka 63. Hebu fikiri: mtu mwenye madaktari wa jeshi zima, katika nchi yenye utajiri usio kifani, aliuawa na kitu ambacho siku hizi hupimwa kwa dakika mbili pale kwenye zahanati.

Hakuwa peke yake. Katika miaka hiyo ya 1940, kifo kimoja kati ya kila viwili Marekani kilitokana na moyo na mishipa ya damu. Wamarekani walikuwa wamejifunza kupambana na kifua kikuu na magonjwa mengine ya kuambukiza, kumbe adui mwingine alikuwa anaingia kwa mlango wa nyuma. Ndipo tarehe 16 Juni 1948 Rais Harry Truman, aliyemrithi Roosevelt, akatia sahihi sheria ya kutoa fedha za utafiti wa moyo.

MJI ULIOKUBALI

Framingham uko katika jimbo la Massachusetts, kilomita thelathini na kitu magharibi mwa Boston. Wakati ule ulikuwa na watu wapatao 28,000, wengi wao wafanyakazi wa viwanda na wenye biashara ndogondogo. Haukuwa mkubwa kiasi cha watu kupotea ndani yake, wala mdogo kiasi cha kukosa wagonjwa wa kutosha. Ulikuwa karibu na vyuo vikuu vya udaktari vya Boston. Tena wakazi wake walikuwa wamewahi kushiriki utafiti wa kifua kikuu kuanzia 1917, kwa hiyo mambo ya kupimwa hayakuwa mageni kwao.

Watafiti walitaka watu wa umri wa kati ya miaka 30 na 62. Hawakuwalazimisha. Wenyeji wenyewe waliunda kamati, wakaenda nyumba kwa nyumba wakiwaomba majirani wajitolee. Mwishowe wakapatikana 5,209: wanaume 2,336 na wanawake 2,873. Hilo la wanawake tulitie mstari, kwa sababu wakati ule tafiti nyingi ziliwasahau, kana kwamba mwanamke hana moyo.

Kila baada ya miaka miwili mshiriki aliitwa. Alipimwa presha, uzito, damu na mkojo. Moyo wake ulipimwa kwa mashine ya umeme inayochora mistari kwenye karatasi. Aliulizwa anakula nini, anavuta nini, anafanya kazi gani. Kisha aliruhusiwa kwenda zake. Hakupewa utajiri wala hakuahidiwa kupona, maana wengi wao hawakuwa wagonjwa. Walitoa damu yao ili watu wengine, ambao hata hawajazaliwa, wapate kujua. Hapo ndipo mimi nilipowavulia kofia.

UJANJA WA UTAFITI WENYEWE

Tuchukue mfano wa hapa shuleni. Tuseme Mwalimu Mkuu anataka kujua ni kwa nini baadhi yetu wanafunzi wa kutwa hufeli mtihani wa Kidato cha Nne. Anaweza kungoja matokeo, kisha awaite waliofeli awaulize. Mmoja atasema stima zilipotea. Mwingine atasema alikuwa anaishi mbali. Wa tatu atamlaumu mwalimu. Shida ni kwamba watu wakishaumia hukumbuka vibaya, tena huenda hata waliofaulu walikosa stima vilevile!

Njia ya pili ni hii. Siku ya kwanza ya Kidato cha Kwanza anaandika habari za kila mmoja: anatembea umbali gani, nyumbani kuna taa au hakuna, anakunywa chai kabla ya kuja au haji nayo tumboni. Kila mwaka anaandika tena. Kisha anangoja miaka minne. Matokeo yakija, anafungua daftari na kulinganisha. Kwa mfano wa kubuni tu, kati ya wanafunzi 100 waliokuwa na taa wamefeli 10, na kati ya 100 wasiokuwa na taa wamefeli 30. Basi kukosa taa kumeambatana na kufeli mara tatu zaidi. Hapo hakuna wa kubishana na daftari, kwa maana liliandikwa kabla mtu yeyote hajajua mwisho.

Framingham ilikuwa njia hiyo ya pili. Walianza na watu wazima wa afya, wakaandika, wakangoja.

Jambo jingine: kihatarishi si sawa na kisababishi. Barabara ikiwa na tope, matatu huweza kuteleza. Si kila matatu itateleza, na nyingine huteleza hata kukiwa kukavu. Hata hivyo dereva mwenye akili hupunguza mwendo mvua ikinyesha. Tope ni kihatarishi. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema, "Mzee fulani alivuta sigara akafika miaka tisini," mjibu kwamba huyo ni matatu iliyopita kwenye tope ikabahatika.

YALIYOONEKANA

Mkurugenzi aliyeujenga utafiti huu katika miaka yake ya mwanzo alikuwa Dkt. Thomas Dawber, akafuatwa mwaka 1966 na Dkt. William Kannel. Haya ni baadhi ya waliyoyapata:

1960: Uvutaji wa sigara uliongeza hatari ya ugonjwa wa moyo.

1961: Presha ya juu na kolesteroli nyingi, yaani mafuta fulani yanayosafiri ndani ya damu, ziliongeza hatari hiyo. Katika makala ya mwaka huo Dkt. Kannel na wenzake walilitumia neno ambalo leo kila daktari analo mdomoni: kihatarishi.

1967: Kufanya mazoezi kulipunguza hatari, unene ukaiongeza.

1970: Presha ilithibitika kuongeza hatari ya kiharusi. Ile imani ya kuwa presha ya uzeeni haina neno ikaanguka.

1978: Moyo unaopiga bila mpangilio katika vyumba vyake vya juu uliongeza hatari ya kiharusi mara tano.

Mwaka wa 1984 walitoa habari ambayo iliniogofya kuliko zote. Zaidi ya robo ya mashambulizi ya moyo yaligunduliwa tu kwenye ile michoro ya mashine, mwenyewe hakuwa amejua. Mtu alishambuliwa na moyo wake akadhani ni kiungulia, au hakudhani kitu kabisa!

Mnamo 1998 walitoa hesabu ambayo daktari aliweza kuifanya kwa kalamu. Anaweka umri, presha, kolesteroli, sigara na kisukari, kisha anapata makisio ya hatari ya mgonjwa kwa miaka kumi ijayo.

Usidhani kazi ilikwenda bila mawimbi. Mpango wa awali ulikuwa wa miaka ishirini. Ilipotimia, serikali ilitaka kufunga ofisi na kuzima taa. Dkt. Dawber alizunguka akichangisha fedha kama sisi tufanyavyo harambee, na Chuo Kikuu cha Boston kikashika usukani pamoja na taasisi ya serikali. Lau wangalikata tamaa mwaka huo, sehemu inayofuata ya somo hili isingalikuwepo.

WATOTO NA WAJUKUU

Mwaka wa 1971 walisajiliwa watoto wa washiriki wa kwanza pamoja na wake na waume zao, jumla 5,124. Mwaka wa 2002 wakaanza wajukuu, 4,095. Vizazi vitatu vya mji mmoja! Jambo hili halikuwa limefikiriwa mwaka 1948, kwani wakati huo hata umbo la DNA lilikuwa halijajulikana. Lilijulikana mwaka 1953.

Uzuri wa vizazi vitatu ni huu. Ukimuuliza mtu, "Je, babako alikuwa na ugonjwa wa moyo?" atakujibu kwa kukisia. Framingham hawakuhitaji kukisia, maana babake alikuwa ameandikwa kwenye daftari lao wenyewe. Kwa hiyo mwaka 2004 waliweza kusema wazi kwamba mtu ambaye mzazi wake alipata ugonjwa wa moyo au kiharusi mapema (baba kabla ya miaka 55, au mama kabla ya miaka 65) ana hatari takriban mara mbili akiwa mwanamume, na pungufu kidogo ya hapo akiwa mwanamke. Hata baada ya kuondoa hesabu ya sigara, presha na kolesteroli, bado urithi ulionekana.

Baadaye walisoma jeni zenyewe. Kufikia mwaka 2007 washiriki zaidi ya 9,000 walikuwa wamo katika mpango wa kukagua vituo vipatavyo 550,000 kwenye DNA ya kila mmoja. Jeni ni kama maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila chembe ya mwili. Nusu umepewa na baba, nusu na mama. Ilionekana kwamba kwa watu wengi hakuna jeni moja ya ugonjwa wa moyo. Ziko nyingi, kila moja inaongeza chembe au inapunguza chembe. Haba na haba hujaza kibaba.

JE, DAMU YA UKOO NI HUKUMU?

Sasa niseme kwa nini nilichagua mada hii badala ya kuandika juu ya ngeli za nomino.

Babu yangu alikuja Nairobi kutoka Nyanza akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1970, akawa fundi seremala. Alipatwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, na mkono wake wa kulia haushiki tena randa. Mwaka uliopita baba mkubwa, ambaye ndiye kifungua mimba wa babu, alipimwa kwenye zahanati akaambiwa ana presha. Alipewa vidonge. Alivimeza mwezi mmoja, kisha akaviacha kabatini. Mama alipomuuliza, alijibu, "Hii ni damu ya ukoo wetu, shemeji. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kama nimeandikiwa, vidonge vitafuta maandishi?"

Mimi nilikuwa pale nikifanya kazi ya ziada ya Hisabati. Maneno yale yalinikaa, kwa sababu ukoo wake ni ukoo wangu. Kama yeye amehukumiwa, basi na mimi niko kwenye foleni.

Ndiposa nilipopata habari za Framingham nilienda moja kwa moja kwenye urithi. Nilichokipata ni kwamba baba mkubwa ana haki nusu. Urithi upo, na daftari limethibitisha. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwachunguza watu zaidi ya 55,000 katika tafiti za aina hii. Miongoni mwa wale waliorithi jeni za hatari kubwa kabisa, waliokuwa na mwenendo mzuri (hawavuti sigara, si wanene mno, hufanya mazoezi, hula vizuri) walikuwa na hatari iliyopungua karibu nusu kuliko wenzao wa jeni zilezile wenye mwenendo mbaya. Jeni zilezile, mwisho tofauti.

Tena Framingham yenyewe ilionyesha mwaka 2002 kwamba kati ya watu waliofika miaka 55 au 65 bila presha, 9 kati ya 10 waliipata baadaye wakiishi miaka mingi. Kwa hivyo presha si laana ya ukoo mmoja. Ni mgeni anayebisha hodi karibu kila nyumba ya wazee, na ndiyo sababu ya kuwa na vidonge.

"HAO NI WAZUNGU"

Nilimweleza baba mkubwa haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: "Mwanangu, hao ni Wazungu wa huko kwao. Damu yao inahusu nini na damu yangu?"

Swali hilo si la kipuuzi. Wataalamu wenyewe wameliuliza. Washiriki wa kwanza wa Framingham karibu wote walikuwa weupe. Mwaka 1994 waliongezwa watu 507 wa asili nyingine, wakiwemo Wamarekani weusi na wenye asili ya Asia, lakini hao ni wachache. Hata ile hesabu ya hatari ya miaka kumi ilipopelekwa nchi nyingine ilikosea mahali pengi, ndiposa Shirika la Afya Duniani likatoa mwaka 2019 chati tofauti za kila eneo la dunia.

Kwa sababu hiyo ulianzishwa utafiti mwingine huko Jackson, jimbo la Mississippi, wa Wamarekani weusi pekee. Kati ya 2000 na 2004 walisajiliwa 5,306. Na si kwamba damu ya watu weusi ilikuwa nyongeza tu. Mwaka 2006 ilichapishwa habari ya watu weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 15, wengi wao wakiwa wa mji huohuo wa Jackson. Kati ya kila 100, wawili au watatu walikuwa na jeni iitwayo PCSK9 ambayo imelemaa. Kulemaa huko kulikuwa baraka. Kolesteroli yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa moyo ulikuwa chini kwa asilimia 88. Kutokana na ujuzi huo zilitengenezwa dawa za kuizuia PCSK9, zikaidhinishwa Marekani mwaka 2015. Leo Mzungu wa Boston hutibiwa kwa dawa iliyotokana kwa sehemu na damu ya watu weusi. Hivyo damu ya watu huhusiana sana!

Hata Afrika Mashariki imo katika hadithi hii. Dkt. George Mann, aliyewahi kufanya kazi Framingham, alikwenda Tanganyika kuwapima Wamaasai. Mwaka 1964 aliripoti kwamba ingawa waliishi kwa maziwa na nyama, kolesteroli yao ilikuwa chini na ugonjwa wa moyo ulikuwa nadra. Baadaye aliona kwamba mafuta yalikuwepo kwenye kuta za mishipa yao, lakini mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Yeye alidhani siri ni kutembea kwao kwingi.

Lakini utafiti uliomnyamazisha baba mkubwa ni ule wa Wajaluo, uliochapishwa mwaka 1990. Watafiti waliwachukua vijana waliohama kutoka vijiji vya Nyanza kuja Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki kijijini. Katika miezi ya kwanza tu mjini, presha ya waliohama ilipanda ikawapita waliobaki. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi zaidi na potasiamu kidogo, ile ipatikanayo kwenye mboga na matunda. Jamani, hawa ni watu wa asili moja! Ukoo haukubadilika ndani ya basi njiani. Kilichobadilika ni chakula na maisha. Na rika lao ni rika la babu yangu.

Baba mkubwa alikaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe si damu peke yake. Ni sufuria pia." Juma lililofuata alirudi zahanati, akaanzishiwa vidonge upya. Mara mbili nimemkumbusha kuvimeza, mara moja akanifokea. Kazi ingalipo.

HAPA KWETU LEO

Wenzangu mnaotoka pande za Korogocho na Viwandani huenda mmewaona watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Kazi hiyo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kutokana na orodha hiyo, watu wazima wa mitaa hiyo miwili waliingizwa katika utafiti uitwao AWI-Gen, pamoja na wenzao wa Ghana, Burkina Faso na Afrika Kusini, zaidi ya 10,000 kwa jumla, wengi wao wa miaka 40 hadi 60. Walipimwa presha, sukari, mafuta ya damu, na jeni. Yaani kina mama wanaouza mboga hapo Korogocho wamefanya ileile kazi iliyofanywa na watu wa Framingham mwaka 1948.

Je, tuwafungulie mlango? Mimi naona tuwafungulie, lakini kwa macho mawili. Mshiriki ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, ya kukataa, ya kuficha jina lake, na ya kuuliza damu yake inakwenda wapi. Hata Framingham mwaka 2000 kampuni moja ya biashara ilitaka kuuza ujuzi uliotokana na kumbukumbu za washiriki, na mpango ukavunjika kwa kutokubaliana nani awe na haki gani. Hapa ndipo Chama cha Kiswahili kina kazi. Karatasi za ridhaa zikiandikwa kwa Kiswahili kigumu kuliko Kiingereza, nyanya atatia sahihi asichokijua. Lugha nyepesi ni sehemu ya haki.

Kwa upande wetu wanafunzi, nashauri mambo manne. Kwanza, waulize wazazi habari za magonjwa ya ukoo uandike, ukizitunza kama siri ya nyumbani. Pili, waombe wapimwe presha hata kama wanajisikia vizuri, maana presha haina sauti. Tatu, aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu amepata nafuu. Nafuu hiyo yaweza kuwa kazi ya vidonge vyenyewe. Nne, tusiokuwa na nauli tusilie: wanaotembea kuja shule wanachota faida bila kujua. Sigara, hata ya kuonja nyuma ya choo, tuiache. Na chumvi ya kunyunyizia juu ya chipsi ambazo tayari zina chumvi, hiyo ni ya nini?

MSAMIATI

Kihatarishi: jambo linaloongeza uwezekano wa ugonjwa, hata kama si lazima lilete ugonjwa.
Kiharusi: ugonjwa wa ghafla wa ubongo kukosa damu au mshipa wake kupasuka.
Kolesteroli: mafuta ya damuni, yakizidi hujikusanya kwenye kuta za mishipa.
Jeni: agizo la urithi lililo ndani ya chembe za mwili.
Mshiriki: mtu aliyekubali kuchunguzwa katika utafiti.
Ridhaa: kukubali kwa hiari baada ya kuelewa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini watafiti wa Framingham walianza na watu wasiokuwa wagonjwa?
2. Toa mfano wako mwenyewe, tofauti na wa matatu, unaoonyesha tofauti ya kihatarishi na kisababishi.
3. Utafiti wa vijana wa Nyanza waliohamia Nairobi unathibitisha nini kuhusu urithi na mazingira?
4. "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Jadili methali hii ukizingatia ugonjwa wa moyo.
5. Mtafiti amekuja nyumbani kwenu kumwomba mama ashiriki. Tunga mazungumzo mafupi ambamo mama anauliza maswali matatu kabla ya kutoa ridhaa.

Majibu ya swali la tano yaletwe kwa mhariri. Yaliyo bora yatasomwa kwenye mkutano wa chama.